Tikiti Bila Msafiri: Karatasi za Reli na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo wahenga walivyowaasa wafanyabiashara wasiotunza hesabu zao. Mintarafu historia ya reli ya Afrika Mashariki, hata hivyo, methali hii imepinduka: daftari lenyewe limegeuka mali. Tikiti zilizotobolewa, ratiba za safari, mabango, postikadi, stakabadhi za mizigo na stempu, vitu ambavyo vilichapishwa vitumike siku moja kisha vitupwe, leo vina wanunuzi. Hukusanywa katika albamu, hupangwa kwa miaka na kupewa bei katika minada ya nchi za mbali. Kinachokosekana katika albamu hizo ni mtu aliyeishika tikiti ile mkononi na neno alilolitamka alipoishika. Hapo ndipo taaluma ya Kiswahili inapopaswa kuingia, na mahali pafaapo pa kuanzia ni Jomvu Kuu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, Jomvu ni jina analokutana nalo kwanza darasani, katika orodha ya lahaja: Kiamu, Kimvita, Kijomvu, Kingare, Chifundi, Kivumba na nyinginezo. Orodha hukaririwa, mtihani hufanywa, na jina hilo huachwa papo hapo. Ni nadra mwanafunzi kukumbuka kwamba Jomvu Kuu ni mji wa watu, ulioko bara ya kisiwa cha Mombasa kando ya mkono wa bahari, na kwamba Wajomvu ni miongoni mwa Tisa Taifa katika Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Mji huu ulikuwapo kabla ya reli kuwazwa. Reli ndiyo iliyokuja ikaukuta.

Reli hiyo haikuja kwa mkupuo mmoja. Mnamo 1890 Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijaribu kutandaza reli nyembamba kutoka pwani, jaribio likafifia upesi. Vyuma vyake vikaishia kupitishia vigari vilivyosukumwa kwa mikono katika mitaa ya Mombasa, na vigari hivyo ndivyo vinavyoonekana katika postikadi nyingi za mji huo za mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Uingereza kutangaza himaya yake mwaka 1895, mhandisi George Whitehouse aliwasili Mombasa mwezi Desemba mwaka huo huo, na mnamo 1896 kazi ya kulaza reli ikaanza. Njia ilivuka Makupa kutoka kisiwani, ikapita Changamwe, ikaanza kuupanda mwinuko wa kuelekea Mazeras. Ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ufukoni mwa Ziwa Viktoria, pale paitwapo leo Kisumu, mwezi Desemba 1901, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Karibu 2,500 miongoni mwao walifariki, na wapatao 6,700 wakabaki Afrika Mashariki.

Kazi kubwa kama hiyo haikosi kuzaa karatasi. Hata hivyo, karatasi zilizozaliwa hapa zilitofautiana na zile za kwingineko. Nchini Marekani, ambako ukusanyaji wa karatasi za reli umekuwa uraibu wa watu wengi, kitu kinachosakwa sana ni hati za hisa na za mikopo, zilizonakshiwa kwa michoro ya magari ya moshi, kwa sababu reli za huko zilijengwa na makampuni yaliyochanga mitaji kwa umma. Reli ya Uganda ilijengwa na serikali ya Uingereza kwa fedha zilizoidhinishwa na bunge la nchi hiyo, zaidi ya pauni milioni 5. Kwa hiyo mkusanyaji wa reli ya huku hana hati za hisa za kuringia. Alicho nacho ni mkataba wa kibarua, tikiti ya abiria, bango la kumvutia mgeni na stakabadhi ya gunia. Yaani karatasi za reli ya Afrika Mashariki, kwa asili yake, zi karibu zaidi na mtu wa kawaida kuliko zile za Marekani. Hilo pekee lingetosha kumzindua mwanafunzi wa lugha.

Aidha, karatasi hizi husema mengi kwa anayejua kuzisoma. Itazamwe tikiti moja tu. Kwa miongo mingi tikiti ya reli ilikuwa kipande kidogo cha karatasi ngumu chenye nambari ya mfululizo, kwa mtindo uliobuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson katika karne ya 19. Jina la shirika lililochapwa juu yake hufichua umri wake. Reli ya Uganda ilibadilishwa jina katika miaka ya 1920 ikawa Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli ya Tanganyika chini ya jina la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua chake na Shirika la Reli la Kenya likazaliwa. Nauli nayo ni shahidi, kwa kuwa tikiti ya Kenya yenye nauli ya rupia na ana haiwezi kuwa ya baada ya miaka ya mwanzo ya 1920, shilingi iliposhika nafasi. Na daraja lililoandikwa, la kwanza, la pili au la tatu, ni muhtasari wa jamii nzima ya kikoloni, ambamo rangi ya abiria ilitangulia kuamua behewa lake kabla ya mfuko wake kuulizwa.

Upande wa pili wa tikiti hiyo umesimama bango maarufu kuliko karatasi zote za reli hii, lile la mwanzoni mwa karne ya 20 lililowaalika makabaila wa Ulaya wazifanye nyanda za juu za Afrika Mashariki kuwa makao yao ya msimu wa baridi, huku wanyama wa mwituni wakiwa ndio kivutio. Nakala za bango hilo zimechapishwa upya mara nyingi na kuuzwa kwa watalii. Ni karatasi nzuri kwa macho. Lakini haikumlenga mtu wa Jomvu, wala wa Changamwe, wala wa Mazeras. Kwa bango hilo, pwani ilikuwa mlango tu wa kupitia. Mtu akiijenga historia ya reli kwa mabango ya namna hiyo peke yake, atakuwa ameandika historia ya abiria wa daraja la kwanza akadhani ameandika historia ya garimoshi.

Je, Mswahili aliyesimama kando ya njia alisema nini? Jibu limo katika lugha yenyewe, na ni jibu la kusisimua. Neno “behewa”, ambalo leo humaanisha chumba cha garimoshi, lilikuwapo kabla ya reli: Edward Steere, aliyekichapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alilieleza kuwa ni ua wa ndani wa nyumba ya mawe. “Mataruma”, ambayo leo ni vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, ni neno la waunda vyombo: taruma ni ubao wa kuimarishia mbavu za jahazi. Kwa hiyo mwenyeji wa pwani alipoliona lile joka la chuma hakubaki kinywa wazi akingoja kupewa maneno. Aliingia nyumbani akatoa behewa, akashuka pwani akatoa taruma. Maneno mengine aliyapokea kutoka kwa waliokuja na kazi hiyo: reli, stesheni na tikiti kutoka Kiingereza. Na hilo la mwisho alilipokea akiwa tayari na tikiti lake la kuliwa, matunda na safari yakagawana jina moja bila ugomvi.

Sasa, mabadiliko haya yalitukia lini hasa? Ni nani aliyetangulia kuita behewa la treni “behewa”, seremala wa Mvita au karani wa stesheni? Kamusi hazitoshi kujibu. Kamusi ya Ludwig Krapf ilichapishwa mwaka 1882, kabla ya reli. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ilichapishwa mwaka 1939, reli ikiwa imezoeleka. Kati yake pana pengo la miaka 57, na ndani ya pengo hilo ndimo msamiati mzima wa usafiri wa kisasa ulimozaliwa. Karatasi za siku moja zina sifa ambayo tenzi na hekaya nyingi hazina: zina tarehe. Tangazo la stesheni lenye neno la Kiswahili na mwaka wake, hata liwe na mistari mitatu tu, ni ushahidi ambao mwanaisimu hatakiwi kuupuuza.

Pengo hilo lina jambo jingine ndani yake. Ni katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kikaiacha kando Kimvita ya wenyeji wa mkutano. Kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kusimamia maandishi. Msemaji wa Kimvita husema “ndia” pale ambapo Kiswahili sanifu husema “njia”. Karatasi za reli za kabla na za baada ya miaka hiyo zingeweza kuonyesha lahaja za Mombasa zikisukumwa nje ya ukurasa uliochapwa, neno kwa neno, katika mji ule ule zilikozaliwa. Baadaye, enzi ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, palikuwapo hata gazeti la Kiswahili la wafanyakazi wa reli lililoitwa Sikio. Wanafunzi wangapi wa Kiswahili wamewahi kulishika? Uchunguzi wa magazeti ya Kiswahili hurudi kila mara kwa majina yale yale makubwa, ilhali gazeti la wapiga mafuta, wapanga mizigo na makarani limesahaulika.

Yamkini msomaji atauliza: iwapo wakusanyaji wa ng’ambo wanazihifadhi karatasi hizi vyema, tatizo ni nini? Jibu linapatikana huko huko Marekani. Mnamo tarehe 10 Mei 1869, reli mbili zilikutana Promontory, katika eneo la Utah, na nchi hiyo ikaunganishwa kutoka mashariki hadi magharibi. Karatasi za ujenzi huo ni nyingi ajabu: hati za hisa, mabango, ratiba, picha, tikiti. Zimehifadhiwa, zimeorodheshwa, zimethaminishwa. Sehemu kubwa ya njia ya upande wa magharibi ilijengwa na Wachina zaidi ya 10,000. Chuo Kikuu cha Stanford kilipoanzisha mradi wa kuwatafiti wafanyakazi hao mwaka 2012, watafiti hawakupata barua hata moja wala shajara iliyoandikwa na mmoja wao. Karatasi zilijaa makabati, lakini sauti ya aliyelaza mataruma haikuwamo. Kufikia wakati huo hapakuwa tena na mtu wa kuulizwa, kwani karibu karne moja na nusu ilikuwa imekwisha kupita.

Afrika Mashariki haijafikia hapo, ila inapaendea. Waliolaza reli ya kwanza wametoweka zamani. Lakini waliofanya kazi chini ya Jumuiya wangalipo. Kijana aliyeajiriwa na reli mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 20 alizaliwa mwaka 1957. Hesabu hiyo ni nyepesi, na inatisha. Mwaka 1976, Posta ya Afrika Mashariki ilitoa stempu nne za usafiri wa reli. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika. Mkusanyaji anazo stempu hizo kwenye albamu. Nani anayo kauli ya mpanga mizigo wa Changamwe kuhusu siku alipoambiwa kwamba mwajiri wake hayupo tena?

Hapa ndipo inapobidi kukumbuka kwamba karatasi ambayo kwa mmoja ni pambo, kwa mwingine ni haki. Nchini Tanzania, waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya hiyo walidai mafao yao kwa miaka mingi, mahakamani na barabarani. Kwa mstaafu kama huyo, cheti cha utumishi au hati ya mshahara si kumbukumbu ya kuning’inizwa ukutani bali ni uthibitisho kwamba alifanya kazi. Mjane aliyefunga hati za marehemu mumewe katika kitambaa na kuziweka sandukuni anajua vyema kwa nini hakuzitupa. Anayemwendea na pochi mkononi ili azinunue kama vitu vya kale hajaelewa anachokinunua.

Wapo watakaopinga wito huu, na hoja zao hazifai kubezwa. Wa kwanza atasema kwamba karatasi hizi ni za mkoloni na zimejaa Kiingereza. Ni kweli zilichapishwa na mkoloni. Lakini mikono iliyozipokea haikuwa yake, na lugha iliyotumika kuzielezea barazani haikuwa ya kwake. Wa pili atasema kwamba unyevu wa pwani na mchwa huzila karatasi, hivyo heri ziende kwa anayeweza kuzitunza. Hoja hii ina uzito. Wakusanyaji wanastahili shukrani, kwa kuwa bila wao mengi yangeungua jikoni. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu, kazi za sanaa na stempu, na sehemu ya hazina yake imebaki nchini katika Nyumba ya Kumbukumbu za Kitaifa jijini Nairobi. Makavazi ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, nayo yamehifadhi mengi. Ukusanyaji si dhambi. Kasoro ni kukusanya kitu na kumwacha mwenyewe.

Kwa hiyo kinachopendekezwa hapa si kufungua duka jingine la vitu vya kale. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu huandaa safari za nyanjani, baadhi zikielekea Lamu na Unguja kufuata miswada ya tenzi. Moja kati ya safari hizo na ielekezwe Jomvu Kuu, kisha ifuate njia ya zamani ya reli: Changamwe, Miritini, Mazeras. Mwanafunzi asiende kununua. Pindi anapouliza bei, karatasi hugeuka bidhaa na mazungumzo hufa. Aende abishe hodi kwa adabu za pwani, aamkie, akae, asikilize. Akiruhusiwa, aipige karatasi picha mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya ratiba huenda pakawa na hesabu ya deni, jina la mtoto aliyezaliwa au mistari iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kisha aulize: nani alipewa karatasi hii, lini, kwa safari gani, na kila kitu kilichomo kiliitwaje? Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa lahaja ya msemaji, bila kusanifishwa. Karatasi ibaki kwa mwenyewe, na nakala ya yote yaliyoandikwa irudishwe kwake.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Inahitaji wahadhiri wakubali kwamba tikiti yenye maelezo ya mwenyewe ni data ya kutosha kwa tasnifu ya isimujamii au ya historia ya lugha. Inahitaji pia wanafunzi waiache dhana kwamba matini ya Kiswahili ni lazima iwe na vina na mizani. Lahaja inayokaririwa katika orodha itageuka sauti ya mtu mwenye jina, akieleza namna alivyosafiri.

Jambo hili lina haraka yake. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilizinduliwa, na kituo chake cha Mombasa kikajengwa Miritini, si mbali na Jomvu Kuu. Mwezi mmoja kabla yake, garimoshi la abiria la reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi lilikuwa limefanya safari zake za mwisho. Siku hizi nafasi huagizwa na kulipiwa kwa simu ya mkononi, na ujumbe wa safari hufutika simu inapobadilishwa. Abiria wa leo hatawaachia wajukuu wake kijikaratasi kilichotobolewa. Usiache mbachao kwa msala upitao: wale walio na vijikaratasi hivyo wangalipo, sandukuni mwao na vinywani mwao. Siku wenyewe watakapoondoka, tikiti zitabaki, zitauzwa, zitawekwa katika albamu nzuri. Ila hapatakuwa na wa kusema msafiri alikuwa nani, alikwenda wapi, na alipopanda behewa alisema nini.